Tangi la samaki lililotumika lahitaji subira

KWA mkazi wa Ihembe, wilayani Karagwe, anayenunua tangi kubwa la samaki lililokwishatumika, hatari ya kwanza ni uzito. Lita 500 za maji zina uzito wa kilo 500, hivyo meza iwe imara.

Silikoni iliyochakaa kwenye maungio ya vioo ikwanguliwe yote, ipakwe mpya isiyo na dawa ya ukungu. Ikikauka, tangi lijazwe maji na kuangaliwa siku kadhaa kama linavuja.

Hatari ya pili haionekani. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoibadili huchukua wiki kadhaa kustawi kwenye chujio. Samaki wachache watangulie.

Tangi lililotunzwa huokoa: baadhi ya aina za furu zilizotoweka Ziwa Victoria, baada ya sangara kupandikizwa, zimesalia matangini.