Pikapu ya Wawili, Tela Moja na Mlima wa Lushoto

Wapo wanaogombana kwa sababu ya simu, na wapo wanaogombana kwa sababu ya gari ambalo hata hawajalinunua. Mimi na mume wangu tulikuwa kundi la pili kwa muda wa miezi minne. Kila jioni, tukishakula, anafungua picha za pikapu kwenye simu yake na mimi nafungua daftari la hesabu. Unaweza kukisia nani alikuwa na furaha zaidi.

Wazo lilikuwa lake, na lilikuwa zuri, sikatai. Yeye ni mzaliwa wa Lushoto. Tunaishi Dar es Salaam, na kila Pasaka na Krismasi tunapanda kwao. Nyumba ya mama mkwe hujaa wajukuu mpaka jikoni, halafu sisi wawili tunalala na watoto wanne chumba kimoja. (Ukitaka ndoa ipoe, fanya hivyo siku kumi mfululizo.) Sasa pale Irente, karibu na lile gema maarufu unaloona tambarare yote ya Mazinde chini yako, aliwahi kuona wasafiri wenye matela ya kulala. Tela lenye ekseli moja, hema linafunguka juu, jiko linavutwa nyuma kama droo. Asubuhi wanakunywa kahawa wakiangalia ukungu. Akasema, "Mke wangu, hili ndilo letu." Tungelala uani kwa mama tukiwa na faragha yetu, na siku nyingine tungesogea mpaka Mtae au pembeni ya msitu wa Magamba.

Tela la namna hiyo likishajazwa maji, gesi, magodoro na vyombo linafika kwa urahisi kilo 1,000 na zaidi. Kigari chetu cha petroli hakiwezi. Ndiyo tukaanza kutafuta pikapu ya dizeli, dabo kebini, iliyotumika, kwa sababu mpya hatuna ubavu nayo.

Anauliza inapanda, mimi nauliza inashuka

Kila yadi tuliyoingia, mume wangu alikuwa na swali moja: "Inapanda?" Na kila muuzaji alicheka. "Bosi, hii? Hii inapanda mpaka Kilimanjaro!" Mimi nikiuliza habari za kushuka, walinitazama kama nimeuliza bei ya usukani.

Wanaoijua barabara ile wataelewa. Mombo, unapoacha barabara kuu ya Arusha, uko kama mita 400 tu juu ya usawa wa bahari. Lushoto mjini ni kama mita 1,400. Mita 1,000 hizo unazipanda ndani ya kilomita 33 hivi, lami nyembamba inayojikunja, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Pale katikati kuna Soni na maporomoko yake. Unapishana na malori ya kabichi, karoti na viazi yanayoshuka kuelekea masoko ya Dar, na msimu wa mvua udongo wa mlimani unaweza kukukuta umelala barabarani. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, wakapanda huko kukimbia joto la pwani. Wewe na mimi tunapanda kwa sababu hiyo hiyo, na mama mkwe juu yake.

Sasa fanya hesabu hii na mwenzako, maana ndiyo iliyomaliza ubishi nyumbani kwangu. Pikapu dabo kebini ina uzito wa kama kilo 1,800. Weka watu na mizigo kilo 400, na tela kilo 1,200. Jumla tani 3.4. Kuzishusha tani hizo kwa mita 1,000 ni kuachia nishati karibu sawa na ya lita moja ya dizeli. Nishati hiyo haipotei. Inageuka joto, na joto hilo lingetosha kuchemsha ndoo tano za maji za lita 20. Lazima liende mahali. Sehemu inachukuliwa na upepo na matairi, sehemu inamezwa na injini ukishuka kwa gia ndogo. Zote zinazobaki zinaingia kwenye breki zako.

Ukishuka na gia namba nne huku mguu uko kwenye breki muda wote, unachemsha zile ndoo kwenye pedi. Mafuta ya breki nayo yana tabia moja mbaya: yanafyonza unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kuvumilia angalau nyuzi joto 205 kabla hayajachemka. Yakishanyonya maji, kiwango kinateremka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na ukikanyaga pedali inazama mpaka chini bila kukamata kitu. Gari halikupi onyo refu. Watoto wako nyuma, Mombo iko mbele, na kona bado zipo.

Mzee mmoja aliyeendesha malori ya mboga miaka mingi alinieleza kwa ufupi kuliko kitabu chochote. Nilimwamkia, nikamuuliza siri ya kushuka ule mlima. "Marahaba mwanangu. Shuka na gia uliyopandia. Na ukisikia harufu ya breki, usijikaze. Simama, pumzika, nunua mapeasi."

Injini: usidanganywe na nikeli

Kwa kuvuta, dizeli ina sifa yake. Nguvu ya kusokota inakuja mapema, injini ikiwa bado inazunguka taratibu, kwa hiyo huhitaji kuikamua mpaka ilie. Lakini dizeli si moja.

Zile Hilux za zamani zenye injini ya 3L au 5L hazina tabo. Ni ngumu, fundi yeyote wa chini ya mwembe anazijua, na hazina mambo mengi ya umeme. Shida ni pumzi. 5L ina lita tatu kasoro kidogo lakini inatoa takriban nyutoni-mita 200 tu, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa inakuwa nyepesi. Na tela nyuma utafika, ila foleni itakayokuwa nyuma yako itakutukana kwa Kisambaa.

Halafu kuna zile za D-4D zilizoanza na umbo la Vigo mwaka 2004: 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0. Hii ya 1KD, kwenye pikapu nyingi, inatoa nyutoni-mita 343. Hapo mlima unaufurahia. Ila nozeli zake zinasukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno na hazitaki uchafu. Mnakumbuka enzi za uchakachuaji, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa? EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia dizeli yenye salfa kidogo. Gari lililokunywa mafuta ya miaka ile ya uchakachuaji linaweza kuwa bado linalipa deni. Wasikilize asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa: ikigonga kama mtu anatwanga kisamvu, au ikitoa moshi mweupe usiokwisha, nozeli zinakuomba pesa.

Na mkiona Surf au Prado ya miaka ya 1990 yenye 1KZ-TE, nzuri, laini, bei ya kuvutia, muulizeni mwenyewe kama iliwahi kuchemsha. Silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka ikichemsha. Kutoka Mombo kwenda juu na tela, rejeta iliyoziba haina mahali pa kujificha.

Jambo jingine ambalo madalali hawalisemi. Kila mtu anataka "iliyotoka Japani". Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikuirudisha hadi 2017. Kwa hiyo ukiambiwa Vigo ya 2008 "ilikuwa ya babu mmoja wa Japani, anaendea sokoni tu", cheka kwa adabu. Nyingi za usukani wa kulia ziliuzwa zikiwa mpya Thailand, Uingereza, Australia na Afrika Kusini, nchi ambako pikapu inafanya kazi ya pikapu. Si vibaya. Ila itazame kama gari la kazi: chini, kwenye chesisi na springi, si kwenye redio.

Jumamosi tuliyorudi kimya

Kuna moja ilituteka. Nyeusi, nikeli kila mahali, viti vya ngozi, na nyuma tayari ina kile chuma cha kuvutia tela. Mume wangu aliizunguka mara tatu bila kusema neno, na mimi namjua, akinyamaza hivyo tayari kashalipa moyoni. Nikamwomba fundi wetu alale chini. Akakaa kule muda mrefu. Alipotoka alisema, "Shemeji, njoo uone mwenyewe."

Chuma cha kuvutia kilikuwa kimechomelewa moja kwa moja kwenye mwisho wa chesisi, upande mmoja ukiwa na ufa uliofunikwa kwa rangi mpya. Chuma hicho kinatakiwa kufungwa kwa bolti kwenye sehemu zake, tena kiwe na kibandiko kinachosema uzito unaoruhusiwa. Kile hakikuwa na chochote. Nikauliza kama tunaweza kulijaribu na mzigo. Muuzaji akasema gari la maonyesho halibebi mzigo. Nikarudisha funguo.

Tulirudi kwenye bajaji hatusemeshani. Aliona nimemwaibisha mbele ya wanaume wenzake. Mimi niliona nimewatoa watoto korongoni. Siku ya pili, baada ya chai, akaniambia, "Lakini ule ufa niliuona hata mimi." Kwa mume wangu, hiyo ni barua ndefu ya mapenzi.

Tuliyoichukua baadaye haina nikeli. Ni 1KD nyeupe, iliyokuwa ya taasisi, ina daftari la matengenezo na mikwaruzo ya kweli. Tuliijaribu ikiwa na mifuko ya saruji nyuma. Kabla ya kuagiza au kununua, pitieni mfumo wa TRA wa kukadiria kodi ya magari yaliyotumika, maana bei ya kwenye picha si bei ya barabarani. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, juu yake kuna VAT asilimia 18, na gari likiwa na umri mkubwa uchakavu nao unalipiwa. Kama linauzwa hapa hapa nchini, linganisheni namba ya chesisi na kadi, kisha muingize namba ya gari kwenye mfumo wa polisi mwone madeni ya faini. Mwenye gari anaweza kuwa mchamungu na bado ana faini saba za mwendokasi.

Kadi ina jina la nani?

Hapa ndipo wapenzi wengi wanakaa kimya. Pesa zilitoka mifuko miwili: akiba yake na mchezo wangu wa ofisini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiandikwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni yake peke yake mpaka ithibitishwe vingine. Ikiwa kwa majina ya wote, inachukuliwa kuwa mna haki sawa. Ni kweli Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Lakini nani anataka kufika huko kwa ajili ya pikapu? Na ninyi ambao ni wachumba bado, mnaochangia gari kabla ya harusi, kifungu hicho hakiwataji. Andikishaneni.

Sisi tulikwenda kwa wakili na stakabadhi zetu, tukaandika nani katoa shilingi ngapi. Mume wangu alinung'unika kidogo njiani. Alipoona mchango wake umeandikwa mkubwa kuliko wangu, akatulia.

Tela bado hatujalipata. Tumeona mawili, moja zuri sana, kubwa, lina hadi bafu, lakini halina breki zake. Kwa tela lisilo na breki, watengenezaji wa pikapu hizi huweka kikomo cha kilo 750. Lenye breki, nyingi zinaruhusiwa kuvuta zaidi ya tani mbili. Tofauti hiyo ndiyo ule mteremko wa Soni. Mume wangu mwenyewe, bila kuulizwa, alimwambia muuzaji kwamba tutasubiri dogo lenye breki. Krismasi hii, basi, tutalala tena na watoto wanne chumba kimoja, na pikapu itakuwa nje imepakia viazi vya mama.