Makobola: kijiji cha mlima na ziwa

Anayesafiri kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, kwenda Fizi kwa barabara ya taifa namba 5 ana milima ya Mitumba mkono wa kuume na Ziwa Tanganyika mkono wa kushoto. Ardhi tambarare iliyo katikati ni nyembamba. Mahali pengine inatosha barabara, nyumba na safu ya michikichi tu. Hapo, kilomita 15 hivi kusini mwa Uvira, ndipo ilipo Makobola. Kwa hesabu za serikali ziko mbili: Makobola ya Kwanza iko teritware ya Uvira, kwa mwami (chifu) wa Bavira, Makobola ya Pili iko teritware ya Fizi, nchi ya Babembe. Wenyeji wanaoana, wanauziana na kuzikana bila kujali mpaka huo.

Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote linazidiwa kina na Baikal peke yake. Kwa upande wa juu, vilele vya Itombwe vinapita mita 3,000. Mlima unatoa muhogo, maharage na ndizi; ziwa linatoa samaki, ndagala na mukeke. Upande mmoja peke yake haushibishi nyumba, kwa hiyo watu wa juu na watu wa ufukweni wamezoea kutegemeana na hata kukopeshana: chukua samaki leo, utaleta muhogo ukivuna.

Biashara kwenye ufuko huu ni ya kale. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wafanyabiashara kutoka pwani ya Bahari ya Hindi walikuwa wamekwisha kuijua njia, wakitafuta pembe za ndovu na, kwa uchungu wa watu wetu, watumwa. Kiswahili kilikuja na misafara hiyo. Leo ndicho kinachowakutanisha Mvira, Mbembe na Mfuliiru sokoni.

Ratiba ya kijiji iko mikononi mwa mwezi. Giza likiingia, mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa miti inatoka. Taa zinawashwa juu ya maji, ndagala wanaufuata mwanga, wavu unakuwa umeshushwa chini yao, kisha wanaume wanauvuta wote kwa pamoja. Mababu walitumia moto wa kuni kwenye omo na wavu wa mkono uitwao lusenga. Zikaja karabai, sasa ni taa za betri. Mbalamwezi ikijaa, taa haina nguvu na ndagala wanatawanyika. Basi nyavu zinashonwa, na baba wa nyumba anapatikana: mahari yanazungumzwa, mgonjwa anatembelewa, kesi iliyokuwa ikingoja inamalizwa.

Ziwa nalo linapumua. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zimekubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kila mwaka. Kupumzisha maji si jambo geni kwa mvuvi. Ila miezi mitatu mfululizo ni mizito kwa nyumba isiyo na shamba mlimani.

Alfajiri, akina mama wanangoja ufukweni na mabeseni. Ndagala wanaanikwa na kugeuzwa juani mpaka wakauke. Nyumbani, majani ya muhogo yanatwangwa kwenye kinu mpaka yalainike, yanachemshwa muda mrefu, kisha yanatiwa mawese na ndagala wakavu. Hiyo ndiyo sombe, inayoliwa na bugali wa muhogo: mlima na ziwa katika sahani moja.

Kwa Babembe, magomvi yanapelekwa lubunga, mahali pa kikao cha wazee. Mpaka wa shamba, mahari, deni, yote yanasemwa hapo mbele ya watu. Kijana anamwita kila mzee baba, naye mzee anawajibika kumsikiliza kama mwanawe. Serikali ya Wabelgiji ilipiga marufuku Bwami, chama cha wazee chenye ngazi za hekima, mwaka 1948; lubunga haikufa.

Haikufa hata baada ya mauaji. Kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, zaidi ya watu 800 waliuawa Makobola ya Pili na vijiji jirani. Kijiji kikipoteza watu kiasi hicho, kinapoteza pia waliojua nani ni ndugu ya nani na shamba la nani linaishia wapi. Waliobaki ilibidi wayajenge hayo upya kwa maneno, kikao baada ya kikao.

Sasa ziwa lenyewe linasogea. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda na kumeza nyumba za ufukweni, kuanzia Kavimvira kaskazini mwa Uvira hadi Baraka, na wengi wamelazimika kuhama. Anayepanga kuwahamisha asihesabu mabati na vyumba tu. Familia ikipelekwa mbali na mwalo wake, mbali na watu wa mlima wanaoaminiana nayo na mbali na wazee wanaoijua, itapata paa na kukosa chakula, mdhamini na mwamuzi. Majirani wahamishwe pamoja, njia ya kwenda majini ibaki wazi, na wazee wa lubunga waitwe kabla kiwanja cha kwanza hakijapimwa, kwa sababu ramani ya Makobola wanayo wao.