Duka limeanza kuandika “ng’ombe”? Usihariri kitu kwanza

Asubuhi unakuta mteja amekutumia picha ya skrini: “Dada, ‘makubazi ya ngozi ya ng’ombe’ ndiyo nini?” Jana duka lako lilikuwa safi. Usiku kampuni inayokuhifadhia tovuti ikasasisha programu za seva, na leo kila kona kuna madudu.

Ukiona hivi baada ya seva kusasishwa, usikimbilie kusema umedukuliwa. Mara nyingi data bado ipo nzima kabisa. Kitakachoiharibu ni haraka yako ya kurekebisha.

Iko hivi: kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, halafu ina orodha ya kusema namba ipi ni herufi gani. Orodha ya zamani, latin1, inatumia namba moja kwa kila herufi. Ya sasa, UTF-8, inatumia moja mpaka nne. Ile alama ya ’ iliyojikunja inachukua tatu. Seva ikizisoma hizo tatu kwa orodha ya zamani, inaona vitu vitatu: â, € na ™.

Kwa nini imetokea sasa? Hifadhidata ya MySQL ilikuwa inatumia latin1 usipoiambia vingine, mpaka toleo la 8.0 la mwaka 2018 lilipohamia utf8mb4. Maduka mengi ya zamani yalikuwa yanaweka UTF-8 ndani ya jedwali linalojiita latin1. Uongo huo haukumsumbua mtu, kwa sababu anayeandika na anayesoma walidanganya sawasawa. Seva mpya imeanza kusema ukweli upande mmoja, basi vurugu.

Na kwa nini “ng'ombe” nyingine ziko sawa? Alama ' iliyonyooka ina namba ileile kwenye orodha zote mbili. Ila Word na baadhi ya simu huikunja zenyewe unapoandika. Sisi wa ng'ombe, kung'arisha na nyang'anyang'a tunaumia hapo kuliko wengi!

Sasa soma dalili. Ukiona â€™ au ðŸ”¥ (huo ni ule moto 🔥 wa tangazo lako la ofa), tulia, data ipo. Ukiona �, ni kinyume chake: maandishi ya latin1 yanasomwa kama UTF-8, na mara nyingi hayo nayo yanarudi. Ya kuogopa ni ????. Fundi aangalie ndani ya hifadhidata yenyewe. Kama alama za kuuliza ndizo zilizohifadhiwa, herufi zimeshapotea na kilichobaki ni nakala ya akiba.

Watu wanaharibu hapa: wanaanza kufuta â€™ moja moja na kusevu, au wanapandisha mzigo mpya kama kawaida. Bidhaa mpya zinaandikwa kwa utaratibu mpya, za zamani zimekaa kwa ule wa zamani, jedwali ni lilelile. Hapo dawa ya kugeuza zote kwa mpigo haifanyi kazi tena, kwa sababu itaponya za zamani na kuvuruga mpya. Utabaki kurekebisha kwa mkono, bidhaa 300, usiku kucha.

Kwa hiyo acha kuhariri. Omba nakala ya akiba ya kabla ya kusasishwa, na chukua nyingine ya leo. Kisha mwulize fundi: tovuti inazungumza na hifadhidata kwa seti gani ya herufi? Kwenye WordPress ataikuta kwenye DB_CHARSET, ndani ya wp-config.php. Kuirudisha latin1 kwa muda kunaweza kulisimamisha duka siku hiyohiyo.

Dawa ya kudumu ni kuzigeuza safu za maandishi ziwe za binari kwanza, ndipo ziwe utf8mb4. Fundi akiruka hatua ya binari, â€™ inahifadhiwa moja kwa moja. Ajaribu kwenye nakala, si kwenye duka linalouza.

Na usikwepe kwa kupakua orodha ya bidhaa na kuibofya ifunguke kwenye Excel. Hata orodha nzima ya CSV inaweza kuonyesha â€™ humo, na ukiisevu na kuipandisha, umeyaingiza madudu dukani kwa mkono wako. Fungua Excel tupu, ingia menyu ya Data, leta faili kutoka hapo, na kwenye asili ya faili chagua 65001: Unicode (UTF-8).