MASWETA YA SIROGOJNO: SOKO LIKIFUNGWA, UNABAKI NA NINI?

Ndugu mfanyabiashara, leo twende Serbia, huko Ulaya, tukajifunze kwa akina mama wa kijijini.

Kwenye milima ya Zlatibor, magharibi mwa nchi hiyo, kuna kijiji kinaitwa Sirogojno. Miaka ya 1960 mama mmoja, Dobrila Vasiljević Smiljanić, aliwaunganisha akina mama wa vijiji vya pale wafume masweta ya sufu. Yeye anabuni michoro, wao wanafuma kwa mkono wakiwa majumbani. Masweta yakauzika Ulaya mpaka Marekani, na mama wa kijijini akashika hela yake mwenyewe.

Cha kushangaza, sufu yenyewe ilikuwa inatoka Iceland! Kwa hiyo kilichouzika sana sio malighafi. Ni mikono na michoro.

Halafu mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ukaiwekea Yugoslavia vikwazo vya biashara, na Serbia ilikuwa ndani yake. Kuuza nje kukawa hakuna. Hebu fikiria una mzigo mzuri, na barabara imefungwa.

Lakini kijiji kilibaki. Leo Sirogojno ina makumbusho ya wazi: nyumba za magogo zilizohamishwa kutoka vijiji vya jirani, na vyombo vyake ndani. Mgeni anatembea, anaona watu walivyoishi, anasikia habari za wafumaji. Akifika kwenye sweta, tayari anajua kwa nini bei yake sio ya mtumba.

Na sio masweta tu. Karibu na mji wa Užice kuna kijiji cha Zlakusa, ambako wafinyanzi wanachanganya udongo na jiwe la kalsaiti lililosagwa, wanazungusha gurudumu kwa mkono. Chungu chao kinavumilia moto wa wazi. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ufinyanzi huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Tuchukue nini hapa?

1. Usitegemee mlango mmoja wa kuuzia. Soko la mbali ni zuri, ila jenga na la karibu.
2. Mwache mteja aone kazi inavyofanyika. Akiona jasho, habishani sana bei.
3. Malighafi kila mtu anaweza kununua. Ufundi wako ndio mtaji.

Je, barabara yako ya kuuzia ikifungwa kesho, mteja atakufuata mpaka mlangoni?