Shabiki wa kandanda, je, umemeza dawa yako?

Ikiwa wewe ni shabiki sugu wa kandanda, au unaishi na mmoja wao, basi makala haya ni yako. Sikusudii kukushawishi uiache timu yako. Mimi mwenyewe ni mfuasi wa AFC Leopards tangu nikiwa shule ya msingi, na yeyote anayeifahamu Ingwe anajua kwamba muda huo umenifunza kuvumilia. Ninalotaka tulizungumzie ni jambo ninalokutana nalo kila wiki katika chumba changu cha matibabu, hasa siku za Jumatatu.

Wakati mmoja alinijia fundi wa magari mwenye umri wa miaka 52, akiwa ameandamana na mkewe. Shinikizo lake la damu lilikuwa 178 kwa 110, ingawa miezi mitatu awali lilikuwa limeteremka vizuri. Nilimwuliza kama anameza dawa zake akajibu kwamba anazimeza. Mkewe akakohoa. Nikauliza tena.

"Daktari, nitakwambia ukweli," akasema. "Ile tembe ndogo hunipeleka msalani mara tatu kabla ya mapumziko. Kwa hivyo siku za mechi huwa naiacha."

"Na siku hizi mechi ni kila siku," mkewe akaongeza.

Tembe aliyoizungumzia ni ile inayosaidia figo kuondoa chumvi na maji mwilini ili shinikizo lishuke. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu, na kwa kawaida humezwa asubuhi. Lakini fundi huyu huabiri matatu kabla ya jua kuchomoza, na hakuna msala katika msongamano wa Thika Road. Akaona heri aimeze jioni. Jioni nako kuna mpira. Kati ya matatu na mpira, tembe ikakosa nafasi.

Nilicheka, nikiri, kisha nikampa dawa ya aina nyingine isiyomsumbua kwa haja ndogo. Hata hivyo kisa chake kilinifanya nianze kuwauliza wagonjwa wangu swali ambalo sikufunzwa chuoni: unashabikia timu gani, na inacheza lini? Majibu yamenionyesha kwamba katika nyumba nyingi za jiji hili, timu ndiyo inayoamua saa ya chakula cha jioni, saa ya kulala, nani anakaa kwenye kiti kipi, na shilingi ngapi zinabaki mwisho wa mwezi.

Tuanze na moyo. Unapotazama mechi unadhani umeketi tu, lakini mwili haujui kwamba umeketi. Mpira unapowekwa kwenye kituo cha penalti, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, mishipa hubana, shinikizo hupanda. Kijana mwenye afya njema hapati madhara. Lakini mtu ambaye mishipa ya moyo wake imeanza kuziba kwa mafuta, wakati mwingine bila yeye kujua, yumo hatarini.

Haya si maneno ya kutishana. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006 nchini Ujerumani, madaktari walihesabu watu waliopatwa na matatizo ya ghafla ya moyo katika eneo la Munich na viunga vyake. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilikuwa ikicheza, idadi hiyo ilipanda zaidi ya mara mbili na nusu ikilinganishwa na siku za kawaida. Wanaume waliathirika kuliko wanawake, na waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo idadi yao ilifika mara nne. Wengi waliugua katika saa mbili za kwanza tangu mechi kuanza. Aidha, Juni 30, 1998, Uingereza ilipotolewa na Argentina kwa mikwaju ya penalti, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo katika hospitali za nchi hiyo waliongezeka kwa asilimia 25 siku hiyo na siku mbili zilizofuata. Sisi nasi tuliionja mikwaju hiyo Agosti 2025, Harambee Stars ilipotolewa na Madagaska katika robo fainali ya CHAN kule Kasarani. Sijaona hesabu yoyote ya usiku ule, ila mapigo ya moyo wangu niliyahesabu mwenyewe na hayakunifurahisha.

Sasa usingizi. Mechi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza kwetu saa nne au saa tano usiku, kutegemea majira ya huko. Ile ya saa tano humalizika karibu saa saba, na ukijumlisha muda wa kubishana na majirani na kusubiri moyo utulie, unapata usingizi saa nane. Saa kumi na moja alfajiri unatakiwa kituoni. Mtu mzima huhitaji angalau saa saba za usingizi. Wewe umelala tatu. Usiku mmoja hautakudhuru sana. Ila ukiwa mtindo wa kila wiki, shinikizo la damu hupanda, sukari huwa ngumu kudhibiti, na hamu ya vyakula vya mafuta huongezeka. Ikiwa wewe ni dereva, usiku mmoja unatosha kuua. Na kumbuka kwamba katika nyumba ya chumba kimoja, shabiki halali peke yake: watoto wako nyuma ya pazia, na kila bao huwaamsha.

Kuhusu vyakula vya mechi, yaani chipsi, smoki, mutura na nyama choma inayochovywa kwenye chumvi, unajua tayari ninachotaka kusema. Nitawaomba tu wenye kisukari wanaodunga insulini wasiahirishe mlo wakisubiri mapumziko. Ukidunga saa moja na kula saa nne, sukari inaweza kushuka hadi ukazirai, na walio karibu nawe watadhani umelewa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni pesa. Mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka sita akihema kwa shida, mbavu zikizama kwa kila pumzi. Alikuwa na pumu tuliyokuwa tumeidhibiti vyema kwa inhela ya kuvuta asubuhi na jioni. Inhela hiyo ilikuwa imekwisha wiki tatu zilizopita. Mama akatazama chini, akaniambia kwamba mwezi huo ligi ilikuwa ikianza na pesa zilikuwa zimelipia king'amuzi. Mtoto tulimtibu akapata nafuu, lakini gharama ya siku ile moja ingemnunulia inhela kadhaa.

Sikumlaumu mama yule, wala mumewe. Nina hakika hakuna aliyeketi nyumbani mwao akatangaza kwamba runinga ni bora kuliko mtoto. Ada ya king'amuzi ina tarehe yake. Ikipita, skrini huwa nyeusi na nyumba nzima hujua. Dawa ya kuzuia pumu ikiisha, siku ya kwanza hakuna kinachotokea, wala ya pili. Mtoto anacheza kama kawaida. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa za shinikizo na za kisukari. Magonjwa haya hayapigi kipenga, ilhali mpira hupiga kipenga kila siku. Kwa sababu hiyo nawashauri wagonjwa wangu wanunue dawa ya mwezi mzima siku ileile wanayolipia king'amuzi, wakianza na dawa. Ikiwa hazitoshi zote mbili, kuna jirani au kilabu ambapo mechi huonyeshwa. Inhela haiazimwi kwa jirani.

Kamari ya mechi ni balaa la aina nyingine. Zamani mtu alilazimika kutoka nyumbani ili acheze kamari. Leo anaicheza akiwa kitandani, simu imefichwa chini ya blanketi. Anayeweka shilingi hamsini kwa mchezo na kuzisahau hanihofishi. Ninamhofia yule anayeweka mkeka mwingine ili arudishe alichopoteza, anayekopa kwa simu, anayedanganya kuhusu karo, asiyelala na ambaye hasira yake iko karibu. Uraibu wa kamari umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na unatibika kwa ushauri nasaha. Nimepokea vijana walioletwa kwa sababu ya kuumwa na kichwa na vidonda vya tumbo, kumbe walikuwa wamepoteza mshahara wa miezi miwili na walikuwa wakiwaza kujitoa uhai. Ukimwona ndugu yako katika hali hiyo, mwulize waziwazi, kisha usimwache peke yake hadi apate msaada.

Nao wanawake hunijia Jumapili na Jumatatu wakisema walianguka bafuni. Watafiti nchini Uingereza waliochunguza rekodi za polisi wa Lancashire wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010 waligundua kwamba ripoti za ukatili wa nyumbani ziliongezeka kwa asilimia 38 timu yao ya taifa iliposhindwa, na kwa asilimia 26 hata iliposhinda au kutoka sare. Zingatia hilo la pili. Mpira haumpigi mtu. Pombe, hasira na mazoea ya kupiga vilikuwepo kabla ya mechi, na hakuna matokeo yanayompa mtu ruhusa. Dada, ukipigwa, fika hospitalini upesi na umweleze daktari kilichotokea. Yuko pale kukutibu na kuandika alichokiona, na maandishi hayo huweza kukufaa baadaye.

Pamoja na hayo yote, nisingependa wazee ninaowajua wanyang'anywe mpira. Yuko mjane mmoja wa miaka zaidi ya sabini ambaye hutembea kilomita mbili kila Gor Mahia inapocheza Nyayo, na ambaye bado husimulia usiku wa 1987 walipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika kana kwamba lilikuwa juzi. Kutembea kule na kelele zile humsaidia kuliko tembe yoyote ya usingizi ninayoweza kumwandikia.

Hata hivyo, ziko dalili ambazo hazingojei dakika ya tisini. Ukihisi kifua kinabanwa au kulemewa kwa dakika kadhaa, maumivu yakaenea hadi mkono, shingo au taya, ukatokwa na jasho baridi au kukosa pumzi, nenda hospitalini wakati huohuo. Vivyo hivyo mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea ghafla au maneno yakakwama. Usiendeshe gari mwenyewe. Nimewahi kumpokea bwana aliyesubiri muda wa ziada pamoja na penalti, na sehemu ya moyo iliyokufa kwa muda huo hatukuweza kuirudisha.

Yule fundi wa magari sasa yuko 134 kwa 84. Nilipompangia ziara ya mwisho kwa Jumatano, mkewe alitoa simu, akaangalia ratiba, akaniomba tuisogeze hadi Alhamisi. Tukaisogeza.