Kwa Nini Mtaalamu Anauliza Habari za Uji

Mzazi anayempeleka mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwenye tiba kwa vitendo kwa mara ya kwanza huwa na matarajio mawili: mtoto akandwe viungo, na yeye aambiwe atatembea lini. Anachokikuta ni mkeka, vikombe vya plastiki, maharage ya kuokota na mtaalamu mwenye maswali yasiyokwisha. Nani humnywesha uji? Kwa kijiko au kwa chupa? Akiwa amelala au ameketi? Anaogeshwa wapi, na mgongo wa anayembeba una hali gani?

Hapo tiba imeshaanza. Mtaalamu huyu hashughulikii mkono kwa ajili ya mkono. Anautaka ushike kikombe, uvae shati, ufute kamasi. Kwa hiyo familia ndiyo hutaja yanayoisumbua zaidi nyumbani. Kipimo kimoja kilichotungwa Kanada na kuchapishwa mwaka 1991 humtaka mhusika, au mzazi kwa niaba yake, ayape mambo hayo alama kuanzia 1 hadi 10: yanafanyika vizuri kiasi gani, na anaridhika kiasi gani. Baada ya muda hupimwa tena. Alama zikipanda kwa 2 au zaidi, hayo huhesabiwa kuwa mabadiliko ya maana.

Swali la kutembea nalo lina jibu, ingawa si lile ambalo wengi wangependa kulisikia. Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake walichapisha mfumo wa ngazi 5 wa kupanga uwezo wa mwendo wa watoto hawa. Mtoto wa ngazi ya 1 hutembea bila msaada. Wa ngazi ya 5 hubebwa au husukumwa kwenye kiti, na hata kuinua kichwa humpa taabu. Utafiti wa mwaka 2002 uliofuatilia watoto 657 huko Ontario ulionyesha kwamba, kwa kawaida, mtoto hufikia takriban asilimia 90 ya uwezo wake wa mwendo akiwa na miaka 5, na wenye hali nzito hufika mapema zaidi. Ni habari chungu, lakini mtaalamu anayeificha anaidhulumu familia: inayosubiri miguu huchelewa kutafuta kiti.

Na kiti si jambo dogo. Mtoto anayelishwa chali, kichwa kimeangukia nyuma, hushindwa kuilinda njia yake ya hewa. Uji huteremka kabla koo halijawa tayari, naye hupaliwa. Kinachoingia mapafuni huleta nimonia. Dawa yake ni mkao: nyonga na magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu imara, kidevu kimeinama kidogo. Anayelisha naye akae chini, uso kwa uso, kwani akisimama mtoto atamtazama juu na shingo itarudi kulekule nyuma. Kikombe cha plastiki hukatwa upande mmoja kupisha pua, ili mtoto anywe bila kuinua kichwa.

Kiti chenyewe hakihitaji kutoka ng’ambo. Huko Zimbabwe, Bevill Packer alieneza ufundi wa kutengeneza viti kwa maboksi na karatasi kuukuu, tabaka juu ya tabaka, zikishikanishwa kwa gundi ya unga uliopikwa. Kikikaushwa sawasawa na kupakwa rangi, kiti hicho hubeba mtoto bila wasiwasi. Adui yake ni maji.

Kuna mazoezi ambayo jirani akichungulia atadhani mtoto anaadhibiwa. Mtoto aliyedhoofika mkono mmoja hufungwa ule mzima kwa saa kadhaa, ili ule mvivu ulazimike kufanya kazi. Njia hii ilitokana na tafiti za Edward Taub, na ni miongoni mwa zilizothibitishwa vizuri zaidi. Kunyooshwa tu, mtoto akiwa ametulia na mtu mzima akifanya kila kitu, ushahidi wake ni dhaifu. Ubongo hujifunza kwa kujaribu.

Sehemu kubwa ya majaribio hayo hufanyika nyumbani. Nchini Australia, Iona Novak na wenzake waliwafuatilia watoto 36 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Wazazi waliopewa programu ya nyumbani waliifanya kwa wastani wa mara 17 hivi kwa mwezi, kila mara dakika 16 na nusu, na baada ya wiki 8 watoto wao walikuwa wamewapita wasioipata. Dakika 16 zinapatikana hata katika nyumba yenye shughuli nyingi, hasa kama zoezi ni kuvaa shati la shule.

Kwa familia za Tanzania, safari hiyo inaweza kuanzia hospitali kama CCBRT, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Nauli ni kikwazo kinachopaswa kutajwa mapema, ili mtaalamu apange mazoezi ya muda mrefu badala ya miadi ya kila wiki. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuulizwa habari za msaada na shule, kwani Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambulia mtoto huyu haki ya elimu. Kliniki aende yule anayemlisha mtoto kila siku, awe baba, bibi au dada wa kazi, akiwa na kijiko na kikombe vya nyumbani, na ikiwezekana video fupi ya mtoto akila. Zoezi lililoshindikana nalo lisemwe bila haya, maana hubadilishwa.