Damu Imepimwa, Nani Atatusomea Karatasi?

Zamani mgonjwa alitolewa damu, akangoja barazani, kisha akaitwa kuambiwa dawa yake. Majibu ya maabara yalibaki ndani ya faili la daktari. Siku hizi mara nyingi karatasi ile hukabidhiwa mgonjwa mwenyewe, naye huifikisha nyumbani. Basi ikiwa katika jamaa yupo kijana anayesomea uuguzi, yeye ndiye huitwa kwanza: "Njoo mwanangu, tusomee. Hii namba yenye alama ya nyota maana yake nini?"

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kijana huyo, na kwa ajili yenu mnaomwita.

Mifano yetu tutaichukua Buigiri, kijiji kilichoko kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro, wilayani Chamwino. Sababu ni mbili. Kwanza, wilaya hiyo ndiyo yenye hospitali ya Mvumi ya Kanisa la Anglikana, ambayo pia ni mahali pa kufundishia wauguzi. Pili, Buigiri inajulikana kwa shule yake ya watoto wasioona. Mtu asiyeona hana budi kusomewa karatasi yake na mwingine, na yule anayemsomea hubeba dhamana mbili: kusoma kilichoandikwa bila kuongeza wala kupunguza, na kutunza siri. Tukisema kweli, mbele ya karatasi ya maabara wengi wetu tu katika hali hiyo hiyo, ingawa macho yetu ni mazima.

MASWALI MATATU KABLA YA KUTAMKA NENO

Namba peke yake haina maana. Kabla ya kusema "iko juu" au "iko chini", msomaji wa karatasi yampasa ajiulize maswali matatu.

La kwanza: imepimwa kwa kizio gani? Wekundu wa damu, yaani himoglobini, maabara moja huandika 11 na nyingine huandika 110, na yote mawili ni kitu kile kile. Ya kwanza ni gramu kwa desilita, ya pili ni gramu kwa lita. Sukari nayo ni hivyo hivyo. Mashine moja husema 7, nyingine husema 126, wala hapana tofauti baina yao. Anayezilinganisha bila kutazama kizio anaweza kudhani mgonjwa amepona kwa wiki moja, akamshauri aache vidonge.

La pili: kiwango cha kawaida kilichochapishwa pembeni ni cha nani? Aghalabu kiwango hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya njema, kisha kuchukua asilimia 95 walioko katikati. Maana yake ni kwamba katika kila watu 20 wazima, mmoja ataonekana yuko nje ya mstari. Karatasi yenye vipimo 20 ikipata nyota moja, hilo si jambo la kuita ukoo mzima.

Tena, viwango vingi vilivyomo katika mashine vilitokana na watu wa nchi nyingine. Mwaka 2008 watafiti walichapisha viwango vya damu vilivyopatikana kwa kuwapima watu wazima wenye afya njema wa Mbeya, kwa kuwa viwango vya kigeni havikufaa kutumiwa hivi hivi. Chukua mfano wa chembe nyeupe. Waafrika wengi, kwa urithi tu, huwa na chembe nyeupe za aina ya neutrofili chache kuliko Wazungu, na wala hawaugui kwa sababu hiyo. Urithi huo huo ndio unaowakinga na aina moja ya malaria iitwayo vivaksi. Mashine haijui habari hizo. Yenyewe huweka nyota tu.

La tatu, ambalo ndilo kubwa: mgonjwa mwenyewe yukoje? Anapumua vipi? Ana homa? Ni mjamzito? Alikuwa na namba gani mwezi uliopita?

WEKUNDU WA DAMU NA MAMA MJAMZITO

Tuseme mama mmoja wa Buigiri, mwenye mimba ya miezi mitano, amepimwa wekundu wa damu ukawa 10.7. Namba hiyo ni nzuri au mbaya?

Kwa mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 12. Kwa mwanamume ni chini ya 13. Kwa mama mwenye mimba ni chini ya 11 katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho, na chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya katikati. Mbona mstari unashuka? Kwa sababu wakati wa ujauzito maji ya damu huongezeka sana, na chembe nyekundu huongezeka pia lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Ni kama mchuzi uliotiwa maji; nyama haikupungua sufuriani, bali mchuzi umekuwa mwepesi. Kwa hiyo mama yetu mwenye 10.7 yu juu kidogo ya mstari.

Lakini tusikimbilie kufurahi. Uwanda wa Dodoma umeinuka. Mji wenyewe uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwili wa mtu aishiye juu hutengeneza wekundu mwingi zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Katika mwongozo wake wa mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani linashauri ipunguzwe 0.8 kwa watu waishio kati ya mita 1,000 na 1,499 ndipo walinganishwe na wa pwani. Ukipunguza hivyo, 10.7 yake inakuwa 9.9, na hapo amekwisha kuingia katika upungufu. Hatusemi kwamba kila muuguzi wa zahanati afanye hesabu hiyo kwa kila mama. Tunasema kwamba namba iliyosimama mpakani isiitwe nzuri kwa sababu tu haikupata nyota.

Linalofaa zaidi ni kutazama mwendo. Mama aliyekuwa na 12.4 mwezi wa tatu, akawa na 10.7 mwezi wa tano, anashuka. Yule aliyekuwa na 9.8 akapanda hadi 10.7 anapona. Namba ni moja, habari ni mbili. Ndiyo sababu kadi ya kliniki haifai kuachwa nyumbani, na karatasi ya zamani haifai kufungia karanga.

Chini ya 7 ni hatari kubwa. Mama wa namna hiyo hana akiba. Akivuja damu wakati wa kujifungua, kiasi ambacho mwenzake angekistahimili chaweza kumwua. Huyo si wa kuambiwa ale mboga kisha arudi mwezi ujao. Apelekwe hospitali siku ile ile, mahali penye damu ya kuongezea, na ndugu zake wajiandae kuchangia.

Kwa wale ambao upungufu wao si mkali, ipo kazi ya kufanya nyumbani. Vidonge vya kuongeza damu vinywewe kila siku kama alivyoelekeza mhudumu wa kliniki, kwa maji na si kwa chai, kwani chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ugali wa uwele au wa mtama una chuma, lakini nafaka hizo hukishikilia kisiachiliwe kwa urahisi. Kinachosaidia kukifungua ni vitamini C, na katika nchi ya Wagogo mbuyu umesimama karibu na kila kijiji: unga wa ubuyu una vitamini hiyo kwa wingi. Nyama, hata kipande kidogo, ina chuma kinachoingia mwilini kwa wepesi. Chai ingoje saa moja au mbili baada ya chakula.

Wala tusisahau kwamba damu haipungui kwa sababu ya chakula peke yake. Minyoo ya safura, kichocho, malaria, hedhi nyingi, mimba za karibu karibu na ugonjwa wa seli mundu, vyote hupunguza damu. Karatasi husema damu ni chache. Haisemi imekwenda wapi. Kulitafuta hilo ndiyo kazi ya tabibu.

"NIMEKUTWA NA WADUDU WATATU"

Neno hili tumelisikia sote. Mtu hutoka maabara akasema ana wadudu watatu, na jirani mwenye watano humwona kuwa hana ugonjwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyehesabu wadudu watatu katika mwili mzima. Mtaalamu wa maabara hutazama tone la damu kwa darubini na kuandika alama kwa kadiri anavyoviona vimelea: alama moja ya kujumlisha ni vimelea 1 hadi 10 katika maeneo 100 ya darubini, na alama tatu ni 1 hadi 10 katika kila eneo moja. Hicho ni kipimo cha wingi. Mtoto mwenye alama moja naye huweza kuzidiwa na kupoteza fahamu.

Kipimo cha haraka, kile cha tone la kidoleni na mistari miwili, kina tabia yake. Aina inayotumika sana hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya vimelea kufa. Basi mtu aliyemaliza dawa, akapima tena wiki ya pili na kukuta mistari miwili, asikimbilie kusema dawa haikufaa. Akiwa bado na homa, apimwe kwa darubini.

Na kipimo kikisema hapana malaria, tukubali. Utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kwa kudhaniwa kuwa na malaria kali, chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea katika damu. Jambo la kusikitisha ni kwamba vifo vilikuwa vingi zaidi kwa wale wasiokuwa na vimelea. Walikuwa na ugonjwa mwingine. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, kwa hiyo onyo hili linahusu uwanda wa kati hasa. Homa isiyo na vimelea bado ni homa, na chanzo chake kitafutwe.

Vivyo hivyo kuhusu homa ya matumbo. Kipimo cha Widal hutafuta askari wa mwili, na askari hao wanaweza kuwa wamebaki kutokana na maambukizo ya zamani. Kipimo kimoja cha namna hiyo hakitoshi kumhukumu mtu kwamba ana ugonjwa leo. Kuotesha vijidudu vya damu ndiko kunakoaminika zaidi.

SUKARI NA SAA YA KULA

Karatasi ya sukari isiyosema mgonjwa alikula lini ni karatasi pungufu. Kwa aliyefunga kula usiku kucha, 7.0 na zaidi, katika kizio cha milimoli kwa lita, ni dalili ya kisukari. Kwa aliyepimwa wakati wowote, 11.1 na zaidi, akiwa pia na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda, ni dalili hiyo hiyo. Asiye na dalili za mwili hurudiwa kupimwa siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Mtu aliyekunywa chai ya sukari barazani akisubiri zamu, kisha akasema amefunga, amejidanganya mwenyewe.

KOSA HUANZIA KWENYE KICHUPA

Mwanafunzi wa uuguzi, sehemu hii ni yako hasa. Mashine haiwezi kusahihisha kosa la mkono. Damu iliyovutwa kutoka mkono wenye dripu huchanganyika na maji ya dripu, na wekundu ukaonekana umeshuka. Kidole kilichokamuliwa kwa nguvu hutoa majimaji ya mwili pamoja na damu. Kichupa kilichotikiswa kwa nguvu huvunja chembe nyekundu, na potasiamu ikapanda kwenye karatasi hali mgonjwa ni salama.

Na kosa la kutisha kuliko yote ni jina. Andika jina kwenye kichupa palepale kitandani, baada ya mgonjwa kujitaja mwenyewe, wala usiandike vichupa kumi mezani ndipo uanze kutafuta wenyewe. Damu ya kundi lisilopatana ikiongezwa kwa mtu kwa sababu ya jina lililobadilishwa, yaweza kumwua.

UKIITWA KUSOMA

Basi kijana wetu, utakapoitwa sebuleni, soma hivi: taja namba pamoja na kizio chake, taja kiwango, ulinganishe na karatasi iliyopita, kisha muulize mgonjwa anajisikiaje. Waweza kusema, "Shangazi, damu yako imeshuka kuliko mwezi uliopita. Kesho twende kliniki tukaulize sababu." Hapo umesema kweli na hukujifanya daktari. Usibadili dozi, usisimamishe dawa, wala usitangulie kutaja ugonjwa. Karatasi inayohusu virusi vya UKIMWI usiisome mbele ya watu hata ukiombwa; na kipimo cha kwanza kikiwa chanya, bado huthibitishwa kwa kipimo kingine kabla ya mtu kupewa jibu.

Nanyi wazazi, mtunzieni mgonjwa karatasi zake zote katika bahasha moja, kwa mpango wa tarehe. Aendapo hospitali nyingine, aende nayo. Msimlazimishe mwanafunzi kusema asichokijua, na akisema "twende tukaulize", msimdharau kwamba hajasoma vya kutosha. Mama wa Buigiri mwenye 10.7 anahitaji mtu wa kumkumbusha tarehe ya kliniki ijayo na wa kufuatana naye siku hiyo.